Mto Chini ya Goti

Mto wenyewe ulikuwa wa sufi, mwepesi, foronya yake dada yangu aliitarizi kwa mkono zamani hizo macho yake yakiliona tundu la sindano. Aliuleta jioni ile niliporudi kutoka Dar es Salaam, akaunyanyua mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili kama anayemnyanyua mtoto mchanga, akausukumiza mto chini ya goti. Nikashusha pumzi. Tangu nitoke chumba cha upasuaji nilikobadilishwa goti, lilikuwa likigombana nami usiku na mchana, na hapo ndipo liliponyamaza.

"Unaona?" dada akasema. "Hospitali wanajua kukata tu. Kumlaza mgonjwa hawajui."

Mto ule ulinigharimu wiki nne za machozi. Nitafika huko.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 64. Nimefundisha hisabati shule za msingi hapa Tanga, zaidi ya miaka 30 ya kusimama ubaoni. Goti lilianza kulalamika kabla sijastaafu. Kwetu Ngamiani kila goti linalouma ni baridi yabisi, na mimi nililiita hivyohivyo, nikilipaka mafuta, nikilikanda, nikimeza vidonge vya duka la dawa mpaka tumbo likagoma. Picha ndiyo iliyosema kweli. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ulikuwa umekwisha, mfupa wa paja na wa muundi vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe. Daktari aliniambia zipo dawa za kutuliza maumivu, lakini ya kuirudisha gegedu iliyolika hana.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kueleza. Ganzi nilichomwa mgongoni, nikawa nusu macho nusu usingizini, nasikia nyundo inagonga kama niko kwa fundi seremala, na mguu unaogongwa kama si wangu. Ncha za mifupa zilichongwa, zikavikwa chuma, katikati ikawekwa plastiki ngumu, vyote vikagandishwa kwa saruji ya mifupa. Kesho yake nikasimamishwa na fremu ya kutembelea. Siku ya tano niliruhusiwa, mwanangu akanirudisha kwa gari, kiti cha mbele kimesukumwa nyuma kabisa. Kwa amri ya daktari tulisimama kila baada ya saa moja hivi nitembee hatua chache, damu isije ikaganda miguuni. Tulisimama Msata, Mkata, Segera. Pale Muheza wauza machungwa walinizunguka mimi na fremu yangu, wakidhani nimeshuka kununua. Nikanunua kweli, ningefanyaje.

Sikuwahi kujua nyumba yetu ilivyo chini mpaka nilipoingia nayo ile fremu. Mkeka uko chini. Jiko la mkaa liko chini. Kigoda, beseni la kufulia, mbuzi ya kukunia nazi, kila kitu kinamtaka mtu akunjike kwanza ndipo akitumie. Makochi ya sebuleni laini, ukikaa unazama, na ukizama huna goti la kukuinua. Kitu kimoja tu kilinifaa: samadari ya marehemu mume wangu, kitanda kirefu cha kizamani, ambacho wanangu walikuwa wakikicheka na mara mbili walitaka kukiuza. Nilikaa ukingoni, miguu ikafika chini vizuri, nikamwombea dua.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Hili nilikuwa nimelifikiria kabla, na kama kuna jambo moja nililofanya kwa akili ni hilo. Wiki mbili kabla ya kwenda Dar nilimwita fundi seremala wa mtaani, nikampa kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha sherehe. Akakata tundu kwa msumeno, akapiga msasa kingo zisikwaruze, kisha akakizungushia fremu ya mbao chini maana plastiki peke yake ingepasuka. Tulipokijaribu miguu iliteleza kwenye sakafu yenye maji. Akakata vipande vya tairi kuukuu, akavipigilia chini ya kila mguu. Hakikuteleza tena. Tulipima urefu nikiwa nimekaa, kuhakikisha goti haliko juu kuliko nyonga, maana hapo ndipo kuinuka kunakuwa vita. Ukutani akakaza bomba la chuma la kushikia. Mwenye safari kama yangu asingoje arudi ndipo amtafute fundi, hilo halingoji.

Na kwa kuwa tuko chooni, niseme na lingine ambalo watu huona haya kulisema. Zile dawa kali za maumivu hufunga choo. Mimi nilikwenda siku tano bila kitu, tumbo gumu kama ngoma, nikawa naliogopa tumbo kuliko goti. Papai, maji mengi, juisi ya ukwaju, na mwisho dawa ya kulainisha niliyotakiwa kuanza nayo siku ya kwanza, lakini nilikuwa nimeiweka kando nikijiona sihitaji.

Kisha ikaja vita ya barafu. Niliagizwa kuweka barafu juu ya goti, imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara nne tano kwa siku, kupunguza uvimbe. Dada alisimama mlangoni na birika la maji ya moto. Kwetu mtu akitoka hospitali hukandwa, awe mzazi, awe aliyevunjika. "Ugonjwa wenyewe jina lake baridi," akaniambia, "nawe waulisha baridi?" Ukifikiri kwa Kiswahili, ana hoja. Nilimweleza kwamba baridi yabisi ni jina tu, kwamba kilichoko pale sasa ni jeraha bichi na uvimbe, na jeraha halitakiwi kuloweshwa wala kusuguliwa. Akaondoka na birika lake. Kwa siku mbili salamu zake zilikuwa fupi.

Umeme nao haukuwa upande wangu. Jokofu likizimika, mjukuu wangu wa darasa la sita alikimbia kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, zile nyekundu za kwenye vimfuko virefu vya plastiki. Alinunua sita, akazipanga juu ya goti langu, akazifunika na kanga. Zikitumika zilikuwa mali yake, hayo ndiyo yalikuwa mapatano. Siku ya tatu kimfuko kimoja kikapasuka. Dada aliingia, akafunua kanga, akaona bendeji nzima nyekundu inachuruzika, akapiga ukelele majirani wakajaa. Mjukuu wangu ndiye aliyelamba kidole akasema, "Si damu, ni ubuyu." Bendeji ilibidi ibadilishwe na muuguzi siku hiyohiyo kwa sababu ililowa, na kuanzia hapo barafu iliingia kwanza kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndipo kanga.

Mazoezi niliyopewa yalikuwa machache na ya kuchosha. Kuchezesha nyayo juu na chini kila ninapokumbuka, damu itembee. Kukaza paja huku nalisukuma goti chini kugusa kitanda, na kuhesabu hadi tano. Kuburuza kisigino kukikaribisha matakoni, kisha kukirudisha. Kwenye shuka kisigino kilikwama; tukaweka mfuko wa plastiki chini yake, kikateleza. Dawa nilimeza nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Mwanzoni nilikuwa naisubiri mpaka maumivu yapande, nikidhani ni ushujaa, na kila mara nikishaanza nilishindwa katikati.

Sasa, mwalimu wa hisabati hakosi vifaa. Nilipostaafu niliondoka na kipimapembe cha ubaoni, kile kikubwa cha mbao, kimechakaa hata namba hazisomeki vizuri. Mjukuu alikiweka ubavuni mwa goti langu, uzi mmoja ukifuata paja, mwingine ukifuata muundi, akasoma. Tulihesabu sifuri ni mguu ulionyooka. Siku ya sita nilikunja nyuzi 65. Akaandika nyuma ya daftari lake. Siku ya nane, 70. Siku ya kumi, 77. Nilikuwa nangoja saa ya kipimo kama mtoto anayengoja matokeo, na yeye kijana akajifunza pembe butu na pembe kali kwenye mwili wa bibi yake. Kosa letu ni kwamba tulipima kukunja tu. Kunyoosha hatukupima hata siku moja. Nani angefikiri? Mtu akilala mguu si umenyooka wenyewe?

Wageni walikuja kila siku baada ya alasiri. Nawashukuru, sitawasengenya, ila kila mmoja alikuja na chupa ya uji au bakuli la supu na onyo lake. "Usilikunje sana, vyuma vitachomoka." Nilijibu kwamba vyuma vimegandishwa kwa saruji, na kukunja kwa mazoezi hakuvichomoi. "Pumzika, shoga yangu, mifupa inataka utulivu." Hili lilinipata. Mtu aliyechoka akiambiwa apumzike, halafu mto laini uko pale pale, atakwenda wapi? Nikimaliza mazoezi yangu ya dakika kumi nilirudi kwenye mto kwa muda wa saa tatu, saa nne. Usiku kucha. Kwa nini goti linaupenda mto, nilikuja kuelezwa baadaye: goti lililovimba lina majimaji ndani, na likikunjika kidogo majimaji hayo hupata nafasi, maumivu yanapungua. Kumbe huku nyuma yake nyama zinafupika na kovu la ndani linakomaa katika mkao uleule.

Siku ya tisa niliamka muundi umekuwa wa zambarau. Si neno la kupamba, rangi ilikuwa ya zambarau zilizoiva, kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni, na nyama ya nyuma imekaza. Dada alishaleta mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu. Hapo nilikataa kwa sauti ya darasani. Nilikuwa nimeonywa: nyama ya nyuma ya muundi ikiuma na kuvimba usiisugue kabisa, maana kama damu imeganda humo, kusugua kunaweza kuung'oa mbonge ukasafiri mpaka mapafuni. Nenda hospitali. Nikaenda, wakapima mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, hapakuwa na mbonge. Ilikuwa damu ya upasuaji inateremka tu chini ya ngozi, na vile vidonge vyangu vya kuzuia damu isigande viliifanya ionekane zaidi. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi, na nusu siku kwenye benchi. Ningeenda tena.

Siku ya 14 ndiyo ya kuondolewa pini. Zilikuwa 27, mjukuu alizihesabu zikidondoka kwenye kibeseni. Baadaye nikapelekwa chumba cha fizio, wale wa tiba ya mazoezi. Kijana mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na kweli alianza na "Shikamoo mwalimu", ingawa hakuwahi kusoma kwangu. Nikamwonyesha daftari kwa majivuno: nyuzi 82. Akasema vizuri. Kisha akanilaza, akapitisha mkono wake chini ya goti langu.

"Mwalimu, nibane mkono."

Nikasukuma. Hakukuwa na cha kubana. Chini ya goti langu ungepitisha ngumi.

Akachukua kipimo chake cha plastiki, akapima, akanitazama. "Bado nyuzi 12 mguu unyooke. Unalalia nini nyumbani?"

Nikamwambia, mto. Mkono wake ukatoka pale polepole.

Niliambiwa. Siwezi kusema sikuambiwa. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa na mchoro wa mto chini ya goti umepigwa mkasi mwekundu, nami nimewapigia watoto mikasi ya aina hiyo maisha yangu yote. Kijana hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee kama mwenye mguu mfupi, na paja linabeba mzigo kila anaposimama, halipumziki. Kukunja, alisema, kutaendelea kuongezeka kwa miezi. Kunyoosha ndiko kunakokimbizana na kovu.

Dawa yake ilikuwa rahisi hata kuieleza inachosha. Kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, goti linaning'inia hewani bila kitu chini yake, dakika kumi, mara sita kwa siku. Basi. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu kamba za nyuma ya goti zinaanza kuvuta. Ya sita nilikuwa nahesabu mbao za dari. Ya nane nilikuwa nasema maneno ambayo sikuwahi kusema mbele ya mjukuu. Yeye ndiye aliyekuwa akishika saa, mkali kuliko mkuu wa shule, na nikijaribu kukunja ananiambia, "Bibi, bado dakika moja na nusu."

Dada niliogopa kumwambia. Nilimwambia siku ya tatu, akakaa kimya, akauchukua mto wake akaukumbatia. "Nilitaka upumzike," akasema. Nikamwomba auweke palepale kitandani, ila chini ya kisigino. Akauweka mwenyewe. Tangu siku ile alikuwa anaingia kila baada ya swala kuukagua usije ukapanda juu.

Wiki ya tatu ndiyo mbaya, na hakuna aliyenitayarisha kwa hiyo. Wageni wamepungua, dawa kali zimepunguzwa, jeraha limefunga, watu wanakwambia umepona. Usiku saa tisa niko macho. Nimezoea kulala ubavu, na kila nikigeuka goti linaniamsha. Nilikuwa nasikiliza jogoo wa jirani asiyejua saa, kisha adhana ya alfajiri, na katikati yake nikilia kimyakimya nikijuta kwa nini nililipia maumivu mapya wakati nilishayazoea ya zamani. Nilipomsimulia yule kijana akasema wengi hupitia hapo. Haikunipunguzia maumivu, ila ilinipunguzia aibu. Kilichonisaidia usiku ni mto mmoja katikati ya miguu nilipoweza kulala ubavu wa kushoto, mguu wa juu umenyooshwa, na kutolala mchana hata nikisinzia vipi.

Swala niliswali kitini, kurukuu kwa kuinama kidogo, kusujudu kwa kuinama zaidi. Dini imetoa ruhusa hiyo na sina shaka nayo. Lakini paji la uso kutogusa mkeka ni kitu kingine. Siku ya Ijumaa moja niliwasikia wanawake wenzangu chumba cha pili wakishuka kusujudu kwa pamoja, ule mchakacho wa nguo, nikabaki nimeinama juu kama mtu aliyedondosha kitu. Daktari alisema kupiga magoti hakutaliharibu goti la chuma, ila wengi hawakuwezi au hawakupendi, na sijui mimi nitakuwa kundi gani.

Baraza yetu ina ngazi tatu. Mguu mzima unatangulia kupanda, mgonjwa unatangulia kushuka pamoja na fimbo. Nilijifundisha kwa kusema kwa sauti, na wapita njia wakazoea kusikia mwalimu anaongea na miguu yake. Wiki ya nne niliiacha fremu nikashika fimbo, mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Watu walinisimamisha kunirekebisha, wakisema fimbo ishike upande unaouma. Nilichoka kueleza, nikawa naitikia tu na kuendelea.

Daftari la mjukuu lilikuwa sasa na safu mbili. Wiki ya nne: kukunja 96, kunyoosha pungufu 8. Wiki ya tano: 103, pungufu 5. Wiki ya sita: 108, pungufu 3. Kijana wa fizio alipitisha mkono wake chini, nikaubana, akajifanya umeumia. Goti lilikuwa bado la moto ukiligusa, linabofya ndani kama kitasa nikitembea, na ngozi ya upande wa nje wa kovu imekufa ganzi mpaka leo. Yote hayo nilishaambiwa ni ya kawaida, na safari hii nilikuwa nimeisoma karatasi.

Wiki ya saba nilimwita tena fundi. Nilimpa ile mbuzi ya kukunia nazi, akaung'oa ulimi wake wa chuma kwenye kibao, akaukaza kwa boliti kwenye ukingo wa meza ya jikoni, sinia chini yake kwenye stuli. Nikasimama, fimbo imeegemezwa ukutani, nikaivunja nazi, nikaanza kukuna. Dada aliingia, akasimama, akaizunguka meza yote akiitazama.

"Mbuzi gani huyu," akasema, "asimama kama punda?"

Nikamwambia alete kifumbu, nazi imekwisha kunwa, tui linamngoja yeye.